Nyuzi Ishirini na Sita

Dada yangu mkubwa alikuwa na desturi ya kunibipu kila siku baada ya sala ya alfajiri. Simu ililia mara mbili ikakatika, nami sikupaswa kuipokea. Maana yake ilikuwa kwamba ameamka salama, yeye mjane aliyeishi peke yake katika nyumba yake ya mtaa wa Hamriya, nami nikiishi mtaa wa Wattaya. Tulifanya hivyo miaka mingi. Kisha nikamwambia aache.

Nilikuwa na sababu, na wakati ule niliziona nzito. Mwanawe anayefanya kazi katika mji wa mbali wa Sohar alitaka kumhamishia kwake, akidai kwamba mtu wa umri ule haachwi peke yake. Dada hakutaka kuiacha nyumba alimoolewa na kuzalia. Nikajitokeza kuwa mdhamini wake. Nimefundisha mawasiliano ya mitambo maisha yangu yote, na nilimwahidi kijana yule kwamba badala ya kutegemea bipu, ambayo hata mkono ukigusa simu kwa bahati mbaya huweza kuipiga, nitaweka ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa vidude viwili, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti: kimoja cha kupima joto la chumba, kingine cha kuonesha kama mlango wa jikoni umefunguliwa. Vifaa vya namna hiyo vina betri ndogo na akili ndogo, kwa hiyo havizungumzi kama simu zetu zinavyozungumza. Huamka, hutoa neno fupi kwa mpokezi wa kati, kisha hulala. Mpokezi alikuwa kompyuta ndogo sebuleni kwangu; neno lilimfikia kupitia kisanduku cha mtandao nilichokichomeka kwa dada, na yeye ndiye aliyenifikishia kwenye simu.

Dada alinitazama nikibandika.

"Sasa nisipokubipu, utajuaje nimeamka?"

"Mlango wa jikoni utaniambia."

"Miaka yote hii mlango wangu unajua kulia tu. Umesoma lini?"

"Dada, mimi nitakuwa naona kila kitu."

"Haya. Kama unaona, mimi ntapumzisha kidole."

Katika lugha ya vidude hivyo kuna mambo matatu ambayo mtengenezaji huamua mwenyewe. La kwanza, kama kifaa kingoje jibu kwamba neno lake limepokewa. Nilikataa, kwa kuwa kungoja kunamaliza betri. La pili, kama mpokezi ahifadhi neno la mwisho ili skrini isikae tupu. Nilikubali. La tatu ni wasia: kifaa humwachia mpokezi maneno ya kutangaza siku kitakapokatika bila kuaga. Wasia niliuweka, kisha nikauondoa. Mara mbili mtandao ulikwama kwa dakika chache, nikatangaziwa kwamba kifaa kimekufa, nikaendesha gari hadi Hamriya na kumkuta dada anakoroga uji. Niliudhika. Habari isiyothibitika nimeichukia tangu ujana, na nikaona kwamba wasia ule ni uvumi. Hata saa ya ujumbe sikuiweka kwenye skrini. Niliona inajaza nafasi bure.

Kiangazi kilichofuata, siku moja asubuhi, skrini ilionesha nyuzi ishirini na sita za joto. Siku ya pili ishirini na sita. Nilifurahi kwamba kiyoyozi chake ni imara. Mlango wa jikoni ulionesha umefunguliwa, nikajua yumo anapika.

Adhuhuri ya siku hiyo ya pili nilipigiwa simu na mama mmoja Mkenya, mfanyakazi wa nyumba ya jirani.

"Mzee, ni dadako. Ameketi hapa kwa ngazi, amechoka vibaya. Nyumba yake ni moto kama oveni."

"Nani kakwambia? Nna kipimo hapa. Chumba chake kina nyuzi ishirini na sita."

"Sijaambiwa na mtu, mzee. Mimi nimemshika mkono. Wewe umeshika simu."

Hata hapo nilimtaka aende akaangalie kama kiyoyozi kinawaka. Akaniambia anamwagilia mgonjwa maji kichwani, na kama nataka kuangalia, nije.

Nilikuja. Fyuzi moja ilikuwa imekatika tangu jana yake alfajiri, na kwenye fyuzi hiyo kulikuwa na kiyoyozi pamoja na kile kisanduku cha mtandao nilichokichomeka kwa mkono wangu. Vidude vilikuwa vizima. Vilikuwa vimesema ukweli siku nzima, nyuzi thelathini na tisa, arubaini, bila kumngoja mtu aitikie. Mimi nilikuwa nasoma neno la mwisho, la jana yake kabla fyuzi haijakatika.

"Kwa nini hukunipigia?" nilimuuliza dada hospitalini.

"Si ulisema unaona? Nikajua uko njiani."

Mwanawe alifika jioni ile. Nilianza kumweleza mambo ya mpokezi na neno la mwisho. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mjomba, siku zote mbili, ulimpigia simu?"

"Sikumpigia."

Dada alinitazama, akingoja nimtetee kuhusu nyumba, nami sikuwa tena na la kusema ambalo mtu angelazimika kulisadiki. Juma lililofuata alihamia Sohar.

Ufunguo alinipa mimi. Nimekwenda kurekebisha kila kitu: vidude vinangoja jibu, wasia umerudi, na kila neno lina saa yake. Sasa napata habari sahihi kabisa za nyumba isiyo na mtu.

Nilipomzuru mara ya mwisho nilimwomba anibipu kama zamani. Alikuwa akikunja kanga yake, hakuinua macho.

"Ya nini, ndugu yangu? Hapa wamejaa watu wa kunitazama."

Kwa hiyo ni mimi ninayembipu, kila alfajiri. Naiacha ilie mara mbili, nakata. Kisha nakaa na simu mkononi kwa muda, ingawa bipu haina desturi ya kujibiwa.