Dakika Kumi za Dada

Dada yangu mkubwa ni msusi, na kwa kuongea hana mpinzani. Ukikaa kwenye kiti chake ukaanza, "Mume wangu juzi...", yeye kashajibu, "Muache!" Hata hujasema juzi alifanya nini. Labda alikununulia viatu.

Wateja wanampenda hivyo hivyo. Na kwa vile wanamwaga shida zao zote pale kitini, akajiambia kazi ya ushauri nasaha anaiweza, bora aisomee kabisa. Ana miaka arobaini na mbili, watoto watatu, akaingia chuo kikuu masomo ya jioni. Nyumbani tulicheka sana, halafu tukanyamaza, maana alikuwa anafaulu.

Chuoni kwao mtihani peke yake hautoshi. Kila ujuzi una beji yake, kiduara cha rangi kinachotokea kwenye simu ukishaonyesha kwamba unauweza. Mwajiri akikibonyeza anaona ulifanya nini mpaka ukapewa. Dada alishapata ya kuandika ripoti, ya kuendesha kikao, hata ya kupanga muda! Yeye, ambaye siku ya harusi yake bwana harusi alimsubiri mpaka akasinzia.

Mama aliposikia akauliza, "Hiyo beji unaibandika kifuani?"

"Iko kwenye simu, mama."

"Simu ikizima, na ujuzi umezima?"

Ikabaki moja: kusikiliza. Bila hiyo, Ijumaa majina ya wanaokwenda hospitali kwa mazoezi ya kazi yanatoka yeye hayumo, na anasubiri mwaka mzima. Sharti lenyewe: ujirekodi ukimsikiliza mtu dakika kumi bila kumkatiza, halafu umweleze ulichosikia.

Jirani yetu, mama fundi cherehani, akakubali kurekodiwa. Simu nimeshika mimi. Dakika ya pili tu, dada huyo: "Hama hiyo nyumba!" Tukafuta. Tukarudia, akafika dakika tatu na nusu.

"Dada, jikaze basi."

"Nimejikaza! Huyu ndiye anaongea polepole!"

"Naongea polepole kwa sababu unanikata," fundi akasema.

Jumatano akapata akili. Akaanza kumbana fundi nywele, na pini zote akazing'ata mdomoni kama afanyavyo siku zote kazini. Dakika kumi na mbili nzima! Macho yamemtoka, shingo imemkakamaa, pini zinacheza, lakini neno halikutoka. Alipozitema akarudia habari zote za fundi, hakuacha hata moja, mpaka fundi akasema, "Kumbe mwenye nyumba ananiumiza hivi?"

Tukatuma. Alhamisi asubuhi likaja jibu la mwalimu wake: "Hapo ulizibwa mdomo. Njoo ofisini saa tisa, bila pini. Utanisikiliza mimi."

Nikamsindikiza. Kijiofisi kidogo, mafaili mpaka dirishani, mlango haufungi vizuri. Nikakaa kwenye benchi nje. Sauti ya mwalimu ilianza kwa ukali, kisha ikashuka, ikashuka, maneno nikawa siyapati tena. Dakika kumi zikapita. Zikafika ishirini. Dada simsikii kabisa. Nikadhani kazimia.

Mwisho nikasikia sauti yake, ndogo, anaeleza kitu taratibu. Halafu mtu akapenga kamasi.

Alipotoka macho yake mekundu, na simu ikalia mkononi mwake: kiduara cha bluu. Kesho jina lake limo! Nikamkumbatia pale pale koridoni.

"Haya, lete. Mwalimu kasema nini? Ni mambo ya mumewe, eh?"

Dada akafungua mdomo. Akaufunga.

"Twende nyumbani."

"Dada, mimi ni ndugu yako, tumbo moja!"

"Najua. Twende."

Nilimbembeleza njia nzima. Nimembembeleza kwenye chakula, nimemfulia mpaka mashuka, na hii ni wiki ya pili. Hasemi. Mtu aliyekuwa ananipa umbea kabla sijavua viatu! Jana nikaenda kumshtaki kwa mama kwamba chuo kimeniharibia dada. Mama naye akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Kwani wewe hujasikia hata kidogo pale mlangoni?"