Kulabu Niliyoacha Kuipaka Grisi

Siku ile ningali naikumbuka, mwanangu.

Nilikuwa kijana wa Vihingo, hodari wa kusuka kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, na kwa ufundi huo nikapata kazi Dar es Salaam, kwenye mashua ya tanga ya mzungu aliyejiandaa kwa safari ndefu. Nikamwita na Sefu, mtoto wa shangazi yangu. Kamba na waya za mlingoti nilizikagua kwa maringo, nisikufiche. Lakini nyuma palikuwa na kibao kilichoshika upepo na kuvuta kana, ule mti wa usukani, ikajigeuza pasipo mtu. Niliiogopa mno, nikiamini jini ndiye anayeigeuza.

Kibao na kana viliunganishwa kwa kulabu, na kwenye kulabu ilifungwa kamba ndefu iliyoburutwa majini. Mtu akianguka, aivute, kulabu ifyatuke, kana iachiwe, mashua igeukie upepo na kusimama.

“Ipake grisi kila wiki,” mzungu aliniagiza.

Mimi nikaifukizia ubani, nikasoma dua, grisi nikaiacha koponi. Nani agombane na jini?

Tukatoka baharini kuijaribu mashua, mchana kweupe. Mzungu alikuwa chini na ramani zake, nami nilikuwa huko huko nikipanga vyakula; juu alibaki Sefu peke yake. Nilipopanda juu, Sefu hayupo. Kana inakwenda kushoto, inarudi kulia, polepole, kama imeshikwa na mtu asiye na haraka. Kamba ya nyuma imekaza, inatetemeka. Kisha sauti ikaniita jina langu, kutoka majini.

Kwetu tulifunzwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Sikuitika. Nilifumba macho nikasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho. Nilipofumbua, kamba ilikuwa imelegea.

Sefu alikuwa ameanguka, mwanangu. Aliivuta ile kamba kwa nguvu zake zote, na kulabu ilikuwa imeshikwa na kutu. Nilipiga yowe, mzungu akapanda akageuza mashua, tukatafuta hadi jua likazama. Hatukumpata.

Matangani watu walinifariji: jitihada haiondoi kudura. Shangazi akaniinulia uso.

“Kudura namwachia Mungu, baba. Mimi nakuuliza jitihada. Grisi ulipaka?”

Mpaka anaingia kaburini sikumjibu.

Basi, mwanangu, kinachokutisha ndicho ukikague kwanza. Omba dua, lakini usiitumie kukwepa kazi uliyopewa. Na uhai wa mwenzio ukiwa mikononi mwako, hofu yako si udhuru. Mungu akulinde, na kila utakayetoka naye kwao, akuwezeshe kumrudisha kwa mama yake.