Siku Nilipoikimbiza Sange

Bado sijatulia. Nimerudi Kasenga, mtaani kwetu Uvira, nimeoga, nimelala, nimeanza tena kufundisha, na bado mtu akipita mbio mbele ya nyumba natoka mlangoni kutazama kilicho nyuma yake. Nawaandikia ninyi mnaoniuliza kila mara kama ile saa ya kukimbilia niliyotumiwa na kaka yangu bado inafaa baada ya miaka yote hii. Inafaa. Ila safari hii imenionyesha jambo ambalo saa haikuliona, na mimi mwenye macho sikuliona pia.

Nianze na sababu ya kuondoka. Saa hii inasoma satelaiti, inajua nimekwenda umbali gani na kwa kasi gani, na vitaa vyake vya kijani mgongoni vinahesabu mapigo ya moyo wangu. Ukanda wake wa kiwandani ulikatika zamani, fundi viatu wa mtaani kwetu akanikatia mwingine kwa chambre, ule mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, na huo haujakatika hadi leo. Kioo kimechubuka. Asubuhi, kati ya mlima na ziwa, inachelewa kushika satelaiti, nami nasimama nimeinua mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Majirani wamenicheka mpaka wamechoka. Mwaka huu ikaanza kunisifu kwamba nguvu zangu zimepanda, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaamua kutoka Uvira mpaka Kamanyola kwa miguu, kwa siku tatu za likizo.

Siku ya kwanza niliondoka alfajiri, ziwa likiwa kulia kwangu na milima kushoto. Mjini hakuna aliyeshangaa. Wavuvi waliokuwa wakirudi na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliniita, "Madame, leo unaenda wapi?" nami nikajibu, "Kamanyola!" wakaangua kicheko. Nilipoacha ziwa nyuma na kuingia uwanda wa Ruzizi, joto lilinipokea kwa makofi. Nilipitia Kiliba, na jioni nikafika Runingu kwa mama yangu mdogo, Odette, miguu ikiwaka lakini roho nyeupe.

Mama Odette alinipa maji ya kuoga na bugali kwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, kisha akanitazama kama anayetazama mgonjwa.

"Weye Solange, nani iko nakufukuza?"

"Hakuna muntu, mama. Ni mazoezi tu."

"Mazoezi ya kwenda wapi?"

"Ya kwenda Kamanyola na kurudi."

"Aka! Huku kwetu muntu mukubwa hakimbiake bure," alisema, akaniongezea sombe.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mtu asiyependa jasho.

Siku ya pili, asubuhi, nilishika barabara ya Sange. Mpunga ulikuwa umekomaa pande zote mbili, na maji yalikuwa yakitembea polepole kwenye mifereji. Nilikuwa nimevaa flana nyekundu. Nilikuwa nimeipangia saa mazoezi ya kasi: ikilia na kutetemeka, natoka mbio kwa nguvu zote, ikilia tena, napunguza. Nyumba za kwanza za Sange zilipoanza kuonekana, na akina mama wakiwa tayari wamepanga mchele na mihogo kando ya barabara, saa ikalia.

Nikatoka mbio.

Nyuma yangu lori likapiga honi. Nikageuza kichwa kulitazama huku miguu ikiendelea, kisha nikageuza tena kuona kama limepita. Nilipoangalia mbele, mwanamke wa kwanza alikuwa ameshainuka. Alifunga kitenge kiunoni kwa mkono mmoja, akaacha mchele wake palepale, akaondoka. Wa pili akafuata. Halafu soko zima likainuka kwa wakati mmoja, bila kelele, na ule ukimya ndio ulionitisha. Nikajiambia: hawa wameona kitu nyuma yangu.

Basi na mimi nikakimbia. Nisikilizeni vizuri, maana hata mimi nikisimulia siamini. Nilikimbia kwa hofu, nikiamini kifo kiko kisogoni, na kilichowakimbiza watu wote hao wakati wote ni mimi mwenyewe.

Kwenye njia ya kuingia mashambani bibi mmoja mwenye fimbo alinishika mkono. Alikuwa na mtoto wa kike, mdogo wa kubebwa. "Kamata!" aliniambia, akinielekezea fimbo miguuni. "Weye uko na magulu, kamata mutoto!" Sikumuuliza ni wa nani. Nilijua desturi, kila mtu huku anaijua: siku ya kukimbia vita, mwenye nguvu anachukua mtoto aliye karibu naye, na wenyewe watatafutana baadaye. Nilimnyakua. Mtoto hakulia. Alinizungushia miguu kiunoni, akaficha uso shingoni kwangu, akakaa kimya kabisa. Ni nani aliyemfundisha?

Tulisimama mbali, katikati ya mpunga, watu wengi tumechuchumaa kwenye matuta. Hapakusikika risasi wala kishindo. Hatimaye mzee mmoja aliyekuwa na simu akawapigia watu wa barabarani, akasikiliza, akakunja uso.

"Banasema hakuna kitu. Nani aliona?"

"Minye niliona," alijibu msichana mmoja. "Mwanamuke mumoja alitokea huku Runingu. Iko nakimbia, iko naangalia nyuma. Alivaa nguo nyeku..."

Hakumaliza. Wote walinigeukia.

"Ni minye," nilisema. "Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

Mwanamume mmoja alisimama na jembe mkononi, nikadhani nimekwisha. Mama mmoja akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi, wengine wakamfuata, na mwenye jembe akatema mate chini akaketi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimewapitishia unyasi machoni saa ya biashara.

Ndipo tukasikia sauti ya mwanamke akimwita mwanawe kutoka upande wa barabara. "Keza! Mwana wanje! Keza!"

Mtoto aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Nilisimama kwenye tuta nikaona mwanamke yuko ndani ya mfereji, maji yamemfika kifuani, anapapasa chini kwa mikono miwili. Kandambili moja ndogo ya mtoto ilikuwa ukingoni. Nilitazama miguu ya niliyembeba: mguu mmoja ulikuwa mtupu. Yule mama alikuwa akimtafuta ndani ya maji mtoto niliyekuwa naye kiunoni, na kila mara alipozama nilihofia hatainuka.

Niliita, lakini upepo ulinirudishia sauti. Nikavuta mguu ili nitoke mbio, na yule mzee wa simu akanishika flana.

"Madame! Ukikimbia tena, batakimbia tena. Tembea."

Alisema kweli. Barabarani watu walikuwa wameanza kurejea mmoja mmoja, shingo zimewasimama. Nikatembea. Miaka yote ya kujifunza kukimbia, na siku pekee ambayo mbio zangu zingemfaa mtu ilibidi nitembee, juu ya tuta jembamba, mbele ya mama anayezama na kuibuka. Katikati ya njia saa ikalia na kutetemeka mkononi: muda wa kasi umefika. Nilitamani kuing'oa na kuitupa kwenye mpunga.

Nilipofika karibu niliweza kusema neno moja tu. "Mama!" Aligeuka. Alitoka kwenye mfereji huo sijui kwa nguvu gani, akanipokonya mtoto, akampapasa kichwa, mbavu, miguu. Kisha akanikamata flana kwa mkono wenye tope.

"Njo weye ulikuwa nakimbia?"

"Njo minye, mama. Unisamehe."

"Juu ya nini?"

Nilimwonyesha saa. Aliitazama, maji yakimdondoka puani, akanitazama mimi.

"Kama uko na magulu ya bure," alisema, "kuya unisaidie kulima."

Sikuendelea na safari siku hiyo. Nilishinda sokoni nimepiga magoti na akina mama, tukiokota mchele uliokanyagwa na kuupepeta vumbi. Mama Keza alikuwa kando yangu, mtoto mgongoni. Jioni alinipa ndizi moja bila kunitazama, nikaila nikilia.

Siku ya tatu na ya nne, moja zaidi ya nilizopanga, nilisonga mbele kupitia Luvungi, nikikimbia porini na kutembea kila palipo na nyumba. Nilifika Kamanyola nimechoka, nikaketi kando ya ukuta wa duka nikitazama wafanyabiashara wakitoka mpakani na mizigo. Saa ikanionyesha ujumbe kwa Kifaransa: imegundua kiwango kipya cha juu kabisa cha mapigo ya moyo wangu, je, nakikubali? Nilifungua kuangalia ni wapi. Nilitarajia kuona zile mbio za mashambani. Hapana, ilikuwa pale kwenye tuta, nilipokuwa natembea. Nilibonyeza kukubali.

Wakati wa kurudi nilipanda basi dogo nikashukia Sange. Safari hii nilivaa kitenge, nikatembea taratibu, nikasalimia kila meza. Akina mama walinitania. "Madame, leo hakuna vita?" Nilicheka nao, ingawa kicheko hakikushuka tumboni. Nimejifunza, nami nawaambia ninyi wenye saa kama yangu: mkifika penye watu, tembeeni, hata saa ikilia mpaka ipasuke. Kuna watu ambao wamekwisha kukimbia vya kutosha.

Keza alikuwa amekaa juu ya gunia kando ya mama yake. Aliponiona aliinua mikono miwili. Nilifurahi, nikamwinua. Papo hapo alinizungushia miguu kiunoni, akaficha uso shingoni kwangu, akanyamaza, akasubiri.

"Mwambie hatuendi," alisema Mama Keza.

"Hatuendi, Keza," nilimwambia. "Tuko hapa."

Hakulegeza miguu.