Swali Langu la Dia Huko Wajir

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa Barasa keshawasimulia nusu (ile nusu inayomfaa yeye), afadhali mpate yote kutoka kwangu.

Utafiti wangu mnaujua: nalinganisha jinsi jamii mbalimbali zinavyomaliza neno la mtu aliyeuawa, yaani dia, ile fidia ya damu, kwetu Bungoma kwa ng'ombe, kwa Wasomali kwa ngamia, na za mbali nimezisoma vitabuni tu. Nilipofika Wajir, mwenyeji wangu mwalimu Abdi alinisihi ningoje hadi Ijumaa baada ya swala, anipeleke mwenyewe kwa wazee. Mimi nikajitia ujuaji, nikasema wazee ni wazee, popote ukienda na heshima utapokewa, basi nikanunua sukari na majani ya chai, nikamwomba Barasa, dereva wetu, mtu mzima mwenye mvi zake, avae koti anisindikize ili nisionekane kijana wa kubahatisha.

Tulikaribishwa mkekani, wazee watano, na mzee Hassan, anayejua Kiswahili, akawa mkalimani. Nikaweka sukari mbele yao, na badala ya kusema mimi ni nani nikaenda moja kwa moja: tumekuja kujua, mtu akiuawa, dia yake hapa huwa ngamia wangapi, na mazungumzo yake huanzia wapi.

Mzee mmoja akafuta macho kwa ncha ya shali (nami nikaandika daftarini, "swali linaamsha hisia", Mungu anisamehe). Kisha mzee Hassan akauliza kwa upole, "Na derefa ni nani?"

Sikuelewa dereva anaingiaje katika dia, ila Barasa, ambaye tangu tufike hakuna aliyemsemesha, alinyoosha mkono kwa fahari akasema ni yeye, na gari lake liko pale nje. Mzee mmoja akatoka haraka, akarudi amemshika mkono mama mmoja mzee sana, akamketisha mbele ya Barasa, na yule mama akamtazama, akamtazama, mpaka Barasa akaanza kuvuta kola ya shati.

"Anasema mtoto yake alikufa kwa barabara," mzee Hassan akatafsiri. "Anasema wewe hukujificha, umekuja mwenyewe. Yeye amesamehe."

Barasa (akidhani ni desturi ya kupokea wageni) akajibu, "Asante, mama." Mimi nikaona kuna kosa. Nikaanza kueleza kwamba sisi ni watu wa utafiti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonihurumia, wakaniambia nisiogope, hapa tuko kwa amani. Ikabidi nimpigie Abdi simu, akafika kwa bodaboda na chaki bado mkononi, akaongea Kisomali kwa muda mrefu, kisha akanigeukia. Lori lilikuwa limemgonga kijana wa yule mama, dereva akatoroka, na tangu hapo familia ilikuwa ikingoja watu wa dereva huyo waje. Na sisi tumekuja, mtu mzima mwenye koti, kijana wa kumsemea, sukari, na swali la dia, yaani vile vile waliokosa wanavyokuja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wazee wakaanza kucheka mmoja mmoja, wakatuagizia chai, hata Abdi akacheka. Mama hakucheka. Alimuuliza Abdi neno moja, kama kweli si huyu, Abdi akatikisa kichwa kuwa si yeye, na mama akamshika Barasa mkono akasema kitu polepole.

"Anasema wewe ni dereva, barabara ni yenu," Abdi akatafsiri. "Ukikutana naye, mwambie hawana hasira. Aje tu."

Barasa akalia, mbele za watu, mtu mzima yule, nami nikafunga daftari langu.

Jamani, nimeapa: sitauliza swali mahali popote kabla mwenyeji hajanitambulisha, hata kama ni swali la njia ya kwenda msikitini. Utafiti unaendelea, taratibu kuliko zamani, kwa sababu kila tukisimama kutia mafuta Barasa hushuka, akaenda kwa madereva wa malori, mmoja baada ya mwingine, akawauliza kama wamewahi kupita Wajir.