Katuni Zisizoliza

Mimi na fundi tumetenganishwa na ukuta mwembamba kama biskuti. Akikohoa, nasema pole. Akiunguza kitunguu, najua kabla yake. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuletewa na mpita njia. Mengine nimeyasikia mwenyewe, na yaliyobaki nimeyaona, maana nilialikwa.

Fundi ni mjane, anashona sare za shule. Desemba ndiyo mwezi wake, wazazi wote wanapokumbuka kwa mpigo kwamba watoto wana miili na miili inakua. Cherehani yake ikianza asubuhi haisimami. Hata siku ya msiba wa mumewe, watu wamejaa mpaka barazani, yeye alikaa anashona, kichwa chini. Chozi lake hakuna aliyeliona. Mumewe ndiye aliyekuwa anapiga pasi zile sare, amekaa pale dirishani. Kiti chake bado kipo. Siku hizi kinabeba suruali ambazo wenyewe hawajazifuata.

Mtoto wao ni mmoja, wa kiume, kaoa na kuhamia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba za mageti. Si mtu mbaya. Ni uji, na mkewe ndiye mwenye mwiko. Wana binti mdogo, fundi anamwita Pini, kwa wembamba wake.

Krismasi ya mwaka juzi walikuja. Wakamkalisha Pini mbele ya tivii, ikatokea katuni ya lidude lenye meno kama reki, linameza zawadi za watoto. Pini alipiga ukunga nikausikia kwangu. Akajikojolea. Mkwe akabeba mtoto, akabeba mkoba, chakula kikabaki jikoni kinatoa moshi. Tangu siku ile ikawa simu tu. Tutakuja mama, tutakuja mama, mwaka ukakaribia kuisha.

Mwezi wa kumi na moja yule kijana akapiga. Fundi huwa anaweka simu sauti ya juu kwa sababu mikono ina kazi, kwa hiyo tulipigiwa wote wawili.

"Mama, Krismasi tunakuja. Ila mwenzangu anasema Pini akilia tena, basi. Hatutamleta mpaka awe mkubwa."

"Mkubwa kama nani?"

"Mama, na wewe."

"Nimesikia mwanangu. Hatalia."

Fundi akaniomba nimsindikize kwa muuza picha, yule mwenye upara anayewajazia watu filamu kwenye flashi.

"Nataka katuni za Krismasi," fundi akasema. "Za upole."

"Upole upi, mama? Nina za kuchekesha, za kutisha kidogo, na za kutisha kabisa."

"Zisizoliza."

"Si ndiyo utamu wake huo, mama. Mtu analia kidogo, halafu anafurahi."

"Wewe ulilia lini?" nikamwuliza.

"Nywele zilipoanza kuniaga."

"Na furaha?"

"Bado naisubiri, bibi."

Akamjazia zote alizokuwa nazo.

Sasa sikiliza fundi alivyozichagua. Kuacha kushona hawezi, Januari inamkimbiza. Kwa hiyo aliwasha tivii mgongoni kwake, yeye uso kwenye sindano, akawa anachagua kwa masikio. Lugha ya katuni zenyewe haijui. Alisikiliza sauti tu. Kikisikika kitoto kinalia, cherehani inanyamaza, anazima, anaanza nyingine. Mlango ukibamizwa, anazima. Mtu akicheka kile kicheko cha kutoka tumboni, cha watu wabaya, anazima haraka zaidi. Mimi huku kwangu nilizimiwa katuni mpaka nikachoka. Mara nyingine nilikuwa nimeshaanza kumpenda mnyama fulani kwa sauti, akapotea.

Ikabaki moja. Sauti nzuri, ya mzee na ya mtoto wanaongea taratibu, halafu vikengele virefu, vitamu, hakuna anayesema neno. Cherehani ilikwenda nayo mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Akagonga ukuta.

"Shoga, nimeipata."

"Nimeisikia. Inaleta usingizi."

"Ndiyo ninayoitaka."

Siku ikafika. Fundi alifunika cherehani kwa shuka, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akatoa suruali zote kwenye kile kiti ili mwanawe akae, lakini mwanawe hakukikalia, akakaa kochi moja na mkewe. Pini alikuwa mapajani kwa mama yake, gauni jipya, macho kwenye tivii kama mtu anayeangalia mbwa wa jirani.

"Ni ya upole, mama?" mkwe akauliza.

"Nimeisikiliza mwenyewe, mwanangu."

"Umeisikiliza," mkwe akasema.

Ikaanza. Dubu mzee na sungura mdogo wanawasha taa za Krismasi kijijini kwao. Dubu ana kiti chake mlangoni, sungura anamletea taa zilizozimika. Pini akashuka mapajani. Akasogea. Akacheka, sungura aliponasa masikio kwenye uzi wa taa. Fundi akaniangalia, sura ya mtu aliyefaulu mtihani.

Kisha vikaja vile vikengele. Na hapo ndipo nilipojua kwamba penye vikengele ndipo penye mambo. Dubu akaingia kulala. Theluji ikaanguka. Asubuhi sungura akaja na taa yake, mlangoni kiti kitupu. Akakaa chini pembeni ya kiti. Akaangalia njia. Hakulia, hakusema kitu. Vikengele tu, vitamu, vinaendelea.

Fundi hiyo alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza.

Pini hakushtuka. Nadhani alidhani dubu kaenda dukani. Nilikuwa namwangalia yeye, sote tulikuwa tunamwangalia yeye, mpaka ikasikika sauti kama kitambaa kinachanika. Ni fundi. Ameshika meza ya cherehani kwa mikono miwili, analia. Analia kwa mkupuo, kama mtu aliyekuwa ameweka akiba.

"Mama," mwanawe akasema. Hakusimama.

Pini akageuka. Akamwangalia bibi yake, mdomo ukaanza kutetemeka, na yeye akaangua kilio.

Mkwe alikuwa ameshashika mkoba.

"Kwani mtoto kafanywa nini?" nikamwuliza. "Analia na bibi yake. Kaa chini."

"Bibi, tafadhali, hayakuhusu."

"Mama, tutaongea," kijana akasema akiwa mlangoni. Macho yake yalipita kwenye kile kiti yakakimbia. Alikijua vizuri kuliko mimi. Sijamsamehe, na akipita nitamwambia.

Mlango ukafungwa. Sungura alikuwa bado yuko kwenye tivii, anawasha taa peke yake. Nikataka kuizima.

"Acha," fundi akasema. "Nenda kwako shoga. Acha nione inavyoisha."

Nikaenda. Nilikula peke yangu, na yeye hakula, ningesikia sahani.

Januari imefika, sare zinamsubiri, cherehani inapiga kama zamani. Ile katuni anaiweka karibu kila siku. Naijua mpaka mzee anapovuta pumzi. Vikija vile vikengele, cherehani inasimama. Huku kwangu na mimi naacha ninachofanya, mpaka vinyamaze, na isikike tena sindano.