Mausi ya Mkono wa Kushoto

Nianze na mausi yenyewe ya kompyuta, maana bila hiyo nisingejua lolote. Ni nyeusi, haina waya, na huu ni mwaka wa tisa iko mezani kwangu. Jina la kampuni lilishafutika kwa jasho la kiganja. Kifuniko cha betri nimekibana kwa soltepu, na kile kigurudumu cha katikati kinafanya kinavyotaka: ukikiambia shuka, kinapanda. Wateja wangu hapa Nyarero wananiuliza kila siku, "Wegesa, na wewe hununui nyingine?" Nawajibu wanunue wao. Betri ikiisha naichomoa ya saa ya ukutani, ndiyo maana saa ya dukani kwangu imesimama saa nne na robo tangu Krismasi, na anayetaka kujua saa aangalie simu yake. Mausi hiyo imenilisha, imemsomesha mwanangu chekechea, na imenifichia siri mbele ya ukoo mzima.

Siri yenyewe ni kwamba mimi ni mashoto. Kula, kuandika, kukata nyama, kurusha jiwe, vyote mkono wangu wa kushoto ndio unaovijua. Utasema, sasa hiyo nayo ni siri? Ndugu yangu, wewe hukuzaliwa Gorong'a kwa mzee Mwikwabe.

Mzee Mwikwabe ndiye baba yangu. Sisi Wakurya baba tunamwita tata, na huyu tata wangu hakuwahi kupaza sauti, lakini akikuangalia unatafuta pa kuingia. Nilikuwa na miaka sita alipokuja mgeni, nikatumwa maji. Nikampelekea kikombe kwa mkono wa kushoto. Mgeni hakukipokea. Alikitazama tu, kisha akamtazama tata. Mimi nimesimama pale na kikombe changu, maji yanatikisika, sijui kosa langu.

Mgeni alipoondoka, tata alichana kitenge cha mama, kile cha kijani chenye maua ya njano, akatoa kipande kirefu. Akaufunga mkono wangu wa kushoto ubavuni. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, na hakusema zaidi. Misimu miwili ya mahindi nilikula na kuandika nimefungwa. Watoto wa jirani waliniita Kilema. Mkono wa kulia ulijifunza, ndiyo, lakini ulijifunza kwa kinyongo, na mwandiko wangu mpaka leo ni wa kuku aliyekanyaga wino. Namshukuru Mungu aliyeleta kompyuta.

Hata kompyuta yenyewe ilikuwa na makusudi yake. Chuoni Tarime mjini mausi zote zilikuwa za waya, na waya zilikuwa fupi, zinafika kulia tu. Nikamwambia mwalimu, akanijibu nibadilishe mkono. Kubadilisha mkono! Watu wanasema hivyo kirahisi, utafikiri mkono ni kandambili.

Nilipofungua duka langu la stesheneri nilikwenda Sirari kununua vifaa. Mfanyabiashara mmoja, Okech, akanionyesha hii nyeusi. "Hii haina waya, madam. Weka kulia, weka kushoto, weka hata kichwani, itafanya kazi tu."

"Rudia hapo katikati," nikamwambia.

"Weka kushoto?"

Sikupunguziwa hata shilingi, na sikuomba. Nilirudi nayo nimeishika mkononi njia nzima.

Nikaiweka kushoto, na kwenye kompyuta nikageuza vitufe, ili kile cha kulia ndicho kiwe cha kubonyezea. Ukiweka kiganja cha kushoto juu ya mausi utaona kwa nini: kidole cha shahada kinaangukia kulia. Uzuri mwingine ni kwamba inahama kimya kimya. Mzee wa ukoo akitokeza mlangoni, mimi nishaisukuma upande wa pili na mkono wa kulia umeshaikalia. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hajui kitu. Ya waya ingeniumbua siku ya kwanza. Tata mwenyewe alikuja dukani mara tano au sita katika miaka hiyo, na mara zote alinikuta mkono wa kulia, mtoto mwenye adabu zake.

Tatizo lilikuwa kwa wateja. Mimi nina sharti moja: fomu ikifika pale pa kuapa kwamba maelezo yote ni ya kweli, sibonyezi mimi. Unabonyeza mwenyewe, kwa mkono wako. Kuna mtu aliwahi kunisimamia hapa mezani akisema niliyekubali ni mimi, si yeye. Thubutu! Tangu siku hiyo kila mtu anajiapia. Basi namsogezea mausi upande wake wa kulia, namwambia, "Bonyeza kitufe cha kulia." Anabonyeza cha kushoto. "Cha kulia, baba." Anabonyeza cha kushoto tena. Walimu, madereva, hata katekista, wote wanakosea, maana kidole chenyewe ndiko kinakokwenda. Miaka tisa, hakuna mteja hata mmoja aliyepatia mara ya kwanza.

Sasa nisikilize.

Mama yangu alifariki mwaka juzi, tata akabaki peke yake na ng'ombe wake. Akaomba mjukuu wa kukaa naye, na kwetu mzee akiomba hivyo humnyimi. Mume wangu, Amos, anajenga nyumba za watu huko Mugumu, anakuja mwisho wa mwezi, na mimi kutwa niko dukani. Tukakubali kwamba Gloria, binti yetu wa miaka sita, aende kwa babu yake na darasa la kwanza asome Gorong'a. Siku ya kumchukua, tata alitaka pia nimjazie fomu ya usajili wa wakulima kwenye kompyuta, tumalize vyote kwa safari moja. Begi la Gloria lilikuwa mlangoni, na viatu vipya juu yake.

Gloria alikuwa chini, anachora ng'ombe kwenye karatasi mbovu za printa. Anachora kwa mkono wa kushoto, maana yeye naye amenifuata mimi, na mimi sikumkataza hata siku moja.

Tata aliutazama ule mkono. "Huyu naye," akasema.

"Bado mdogo, tata."

"Ndiyo maana. Samaki mkunje angali mbichi." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri, akakiweka mezani. "Kule atanyooka."

Kilikuwa cha kijani. Maua ya njano yamefifia, lakini yapo.

Jamani! Miaka thelathini na moja yule mzee alikuwa amekitunza! Nyumba imeezuliwa na upepo mara mbili, mama amezikwa, na kitambaa kipo, kimefuliwa, kimekunjwa. Mkono wangu wa kushoto uliingia ubavuni wenyewe kabla sijauambia. Mimi ninayegombana na mgambo, na bodaboda, na wakaguzi wa leseni, mbele ya yule mzee nikawa tena mtoto wa miaka sita. Nilimwangalia Gloria akimpaka ng'ombe wake rangi, nikajua nikinyamaza leo, kesho anaitwa Kilema. Na nikanyamaza. Nawaambia ukweli, nilinyamaza, nikageukia kompyuta nikaanza kujaza fomu.

Jina, kijiji, ekari za mahindi, ekari za mihogo. Nauliza, anajibu. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilifika mwisho kabisa, pale pa kuapa, nikasema kwa mazoea, "Tata, hapa bonyeza mwenyewe." Ndipo nikaona.

Mausi ilikuwa kushoto. Sikuihamisha! Fomu nzima nimejaza kwa mkono wa kushoto, tata amekaa pembeni yangu anaona kila kitu. Nikasubiri lile jicho.

Jicho halikuja. Tata alivuta kiti akasogea mbele ya skrini. Akanyoosha mkono wake wa kushoto akaulaza juu ya mausi taratibu, kidole cha shahada kikaangukia kitufe cha kulia. Akabonyeza. Fomu ikaenda.

Mara ya kwanza! Sikumwelekeza, sikusema cha kulia wala cha kushoto. Mzee wa miaka sabini na tatu, hajawahi kugusa kompyuta tangu azaliwe, amepatia kile kilichomshinda katekista. Nikabaki namtazama yeye, naitazama mausi, namtazama yeye tena.

"Babu naye ni mashoto!" Gloria akapiga kelele kutoka chini, kwa furaha kabisa.

"Nyamaza," tata akasema, lakini aliutoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Printa ikatoa fomu. Chini imeandikwa: sahihi au dole gumba. Tata siku zote ni dole gumba. Kwenye mikutano ya kijiji, kwenye mahari yangu, kwenye karatasi za hospitali za mama, dole gumba, maana tata hakusoma. Hilo tulilijua kama tunavyojua kwamba mto Mara una mamba. Nikamsogezea pedi ya wino. Akachovya gumba la kulia, akalileta juu ya karatasi, halafu akasita. Wino wa zambarau ukadondoka kwenye meza.

Akamwangalia Gloria. Kisha akakichukua kile kitambaa cha kijani, akakifutia gumba. Akafuta mpaka kucha. Akaokota kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika.

Mwikwabe Nyamhanga.

Ndugu zangu, ule haukuwa mchoro wa mtu aliyekariri jina lake. Ulikuwa mwandiko! Herufi zimelala upande mmoja, zimeshikana mikono, M ina kitanzi, kama zile za walimu wa zamani. Mzuri kuliko wangu mara kumi.

"Tata! Unajua kuandika?"

Akaupulizia wino ukauke.

"Na kusoma?"

"Kidogo."

Hapo ndipo hasira ilinipanda, na sikuizuia. Nilipokuwa shule ya bweni nilimwandikia mama barua kila mwezi. Mama hakujua kusoma. Alikuwa anavuka mto kwenda kwa mwalimu Emanueli amsomee, mvua inyeshe, jua liwake. Na nikirudi likizo aliniambia tata alikuwa anamsindikiza, anakaa pembeni anachonga mpini, anasikiliza. Mama amekufa hajui kwamba msomaji alikuwa nyumbani kwake! Nikamwambia tata hayo yote, nimesimama. Sikuwahi kumwambia tata maneno mengi hivyo tangu nizaliwe.

Akaniacha nimalize.

"Nilifika darasa la tatu," akasema. "Kwa mkono huu nilikuwa wa kwanza. Mwalimu akaufunga, na baba yangu akamshukuru. Kwa huu mwingine nikawa wa mwisho, watu wakanicheka. Nikachoka kuchekwa. Nikaenda kuchunga." Akaizungusha kalamu vidoleni. "Nilikuwa naandika mavumbini, kwa fimbo. Ng'ombe hawasemi."

"Sasa mbona ukanifunga na mimi?"

"Ungefungwa shuleni, mbele ya watu, ungeacha kama mimi. Nikasema heri nikufunge mimi nyumbani." Akaitazama mausi pale ilipo. "Nilijua hukunyooka. Kila nikija nakuta meza imechakaa upande wa kushoto."

Nilitazama meza. Kweli, rangi imeisha kushoto, alama ya duara ya kiganja, imekwanguka mpaka mbao. Kulia panang'aa kama jana. Miaka tisa nasukuma mausi huku na huku, najiona mjanja!

Nikakaa. Nikamwambia lile nililopaswa kumwambia mwanzo. "Tata, Gloria akienda, kitambaa hakiendi."

Alikiinua kile kitambaa, kimejaa zambarau. "Kimeshachafuka," akasema, akakitupa kwenye ndoo yangu ya takataka. Halafu akamgeukia mjukuu wake kwa sauti ileile ya siku zote. "Salamu ni mkono wa kulia. Na maji ya mgeni ni mkono wa kulia. Hilo sitaki kulisikia tena."

"Na kalamu, babu?" Gloria akauliza.

Tata aliiweka kalamu katikati ya meza, hakuisukuma huku wala huku. Gloria akaichukua kwa kushoto, akavuta karatasi yake ya ng'ombe, akaanza kuandika jina lake, mkono unafuata nyuma unaburura wino, kila herufi inachafuka ikiandikwa, kama zilivyokuwa zikichafuka zangu kila mara nilipojiiba kuandika kwa kushoto.

"Siyo hivyo," tata akasema. Akainama, akaishika ile karatasi kwa vidole viwili, akaugeuza upande wake wa juu kidogo kuelekea kulia. "Ilaze hivi. Sasa mkono unapita chini, haufuti ulichoandika."

Gloria akaandika. Haikufutika hata herufi moja. Mimi nina miaka thelathini na saba, nimeshika kalamu tangu nikiwa na sita, na hilo hakuna mtu aliyewahi kuniambia.