Watoto Mia na Sitini wa Mwalimu Tekla

Wifi yangu Tekla, dada wa marehemu mume wangu, hakujaliwa kuzaa, lakini usithubutu kumwambia hana watoto. Atakukata jicho mpaka uage mwenyewe. Alitoka kwao Mafinga, kwenye baridi na misonobari, akapangiwa kufundisha darasa la kwanza huku Usangu kwenye joto na mbu. Nilipofiwa nikamfuata, nikawa mpishi wake na mgomvi wake.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini darasa lake lilikuwa la watoto arobaini na watano, basi. Wa arobaini na sita akalie kwao. Aliwapanga mstari mlangoni, kila mmoja apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Asiyelifikia, arudi mwakani. Wengine waliambiwa mwakani, mwakani, mpaka ndevu zikawakuta nyumbani. Kwa hiyo sitaki kumsikia mtu akiniambia zamani ndiyo ilikuwa shule. Ilikuwa shule kwa aliyepata nafasi.

Lakini wale aliowapata, aliwajua. Mtoto akikosa siku mbili, ya tatu Tekla yuko njiani na baiskeli, jua hilihili la Usangu, mpaka kwenye maboma ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Anasalimia "mwangaluka" kwa lafudhi yake ya Kihehe, akina mama wanacheka hadi wanashika mbavu. Akimkuta mtoto anachunga, anamrudisha shule. Akimkuta na homa, anampakia kwenye baiskeli hadi zahanati. Wazazi wakazoea. Mtoto akiugua hawakuhangaika sana, walijua mwalimu atakuja.

Kisha ikaja UPE, elimu kwa wote. Hakuna tena sikio wala nini. Mtoto akifikisha miaka saba aende shule, na mzazi atakayemficha akajieleze kwa katibu kata. Basi wakaja. Mungu wangu, walikuja! Mwaka wa 1978 darasa la kwanza lilikuwa na watoto mia na sitini na kitu, nusu asubuhi, nusu mchana, wamejaa sakafuni kama mahindi yaliyoanikwa, na Tekla ni yuleyule mmoja. Alifurahi, nisimsingizie. Siku ya kwanza alilia kwa furaha. Baada ya mwezi akawa anarudi hana sauti, ananionyesha kwa mkono nimpe maji. Nikamwambia awapunguze. Akaniuliza, ampunguze nani?

Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta. Angekwenda saa ngapi? Hata majina aliyaita bila kuinua macho, "nipo, nipo, nipo," maana akimtazama kila mmoja kipindi kinakwisha.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mvua bado zinanyesha, akaja Nyamizi, mama wa Malimi, mmoja wa watoto wa maboma ya mbali. Tekla akamkaribisha, akaanza kumsifia mwanawe kwamba siku hizi hakosi hata siku moja.

Yule mama akamkatiza. Akasema, "Mwalimu, Malimi tumemzika Jumanne."

"Jana aliitika," Tekla akasema.

Nyamizi hakugomba. Afadhali angegomba. Alieleza polepole kwamba homa ilimshika mtoto wiki ya kwanza, ikaingia ya pili. Baba yake alitaka kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni wampeleke zahanati. Yeye ndiye aliyezuia, kila siku, kwamba mkokoteni utakwama kwenye tope na mwalimu akija na baiskeli yake watafika upesi zaidi.

"Nilisema mwalimu wake hawezi kumkosa darasani akanyamaza."

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ule niliubeba pamoja na wifi yangu, na haukuwa usufi. Iliniuma mpaka leo inaniuma. Usiku wote ule hakulala.

Jumatatu aliita majina akiwa ameinua macho. Alinisimulia mwenyewe. Alipofika kwa Malimi, sauti ikaitika kutoka nyuma. Alikuwa Kashindye, mtoto wa boma la jirani, na wenzake wakajua leo atachapwa. Tekla akamwita mbele, akamuuliza taratibu kwa nini anamwitikia mtu aliyekwisha kuzikwa. Mtoto akasema kaka yake aliwahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa nafasi, hakusoma tena. Malimi alipoanza kuumwa alimwomba Kashindye amshikie nafasi yake mpaka apone.

"Na sasa je?" Tekla akauliza.

"Sasa nikinyamaza, mwalimu, utamfuta."

Tekla akamwambia akakae. Kisha akaita jina lililofuata, maana walikuwa bado wengi.